Kahawa Kali ya Barafu kwa Siku za Kaskazi

Kaskazi ikishaanza kuvuma mwezi Desemba, joto la pwani halina mzaha mpaka Machi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja: nyuzi 32 mchana ni jambo la kawaida, na kwa unyevu ulio hewani shati hushika mgongo kabla hujafika kituo cha daladala. Wapenzi wengi wa kahawa huiacha msimu huu, au huisogeza hadi alfajiri na baada ya isha. Wengine hujaribu kuipoza. Wanapika kahawa yao ileile ya kila asubuhi, wanaimimina kwenye glasi ya barafu, wanapata maji ya kahawia yasiyo na harufu wala ukali, na wanarudi kwenye soda. Nawaandikia hao. Kahawa ya barafu iliyo kali na yenye harufu yake yote inatengenezeka nyumbani kwa sufuria, kitambaa na jagi. Cha kubadilisha ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya barafu. Ukimimina kahawa ya moto juu yake, barafu haikai pembeni ikaipoza. Inayeyuka na kuingia humohumo. Gramu 1 ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto linalotosha kushusha gramu 80 za maji kwa nyuzi 1. Chukua basi mililita 200 za kahawa iliyotoka kuchujwa sasa hivi, ikiwa na nyuzi 85 hivi, na unataka ifike nyuzi 5. Itakula kati ya gramu 170 na 190 za barafu, kutegemea friza yako inagandisha kiasi gani. Maana yake kahawa imeongezeka karibu mara mbili kwa wingi, na ukali umebaki nusu. Hakuna buni nzuri kiasi cha kuvumilia hilo. Kahawa ileile ikiachwa kwanza ipoe hadi nyuzi 30, joto la chumbani, itahitaji gramu 60 tu za barafu, ila harufu nyingi itakuwa imeshapotea hewani wakati unaisubiri.

Kwa hiyo ihesabu barafu kuwa ni sehemu ya maji ya kupikia. Kama ungetumia nusu lita ya maji kwa kahawa ya moto, basi kwa kahawa ya barafu tumia maji ya moto kiasi cha nusu lita kasoro, na kilichopungua kiwe barafu. Kahawa yenyewe usiipunguze, iongeze. Kinywaji kikiwa baridi sana, ulimi husikia utamu kidogo na pua husikia harufu kidogo, na ndiyo maana kipimo kinachotosha kwenye kikombe cha moto huonekana kidogo kwenye glasi.

Wapo wanaotafuta ukali kwa kuchemsha. Wanairudisha sufuria jikoni, kahawa inatokota robo saa, wanaamini imekolea. Kinachokolea hapo ni uchungu. Kahawa chungu ya barazani, ile inayokaa kwenye dele la shaba juu ya makaa, ina taratibu zake: hunywewa ya moto, kwa kikombe kidogo, na kashata mkononi, na uchungu ndio unaotafutwa. Ukiipoza kahawa iliyotokota namna hiyo bila kitu cha kuisindikiza, harufu hurudi nyuma na uchungu hubaki peke yake, mkavu, kooni. Ukali ninaousema mimi ni wa kahawa nyingi kwenye maji machache, kwa muda mfupi.

Sasa vipimo. Kwa glasi mbili kubwa: gramu 40 za kahawa iliyosagwa, mililita 300 za maji yaliyotoka kuchemka, na gramu 200 za barafu. Usipokuwa na mizani, hesabu vijiko 8 vya chakula vya kahawa, kila kimoja kimesawazishwa kwa kisu. Barafu pima kabla haijawa barafu: nusu lita ya maji ukiigandisha yote ni gramu 500, kwa hiyo mililita 200 za maji ni gramu 200. Machicha ya kahawa hubaki na maji takriban mara mbili ya uzito wake, hivyo katika zile mililita 300 utachuja 220 hivi. Zikikutana na barafu, utakuwa na zaidi kidogo ya mililita 400 za kahawa nzito na ya baridi.

Kuhusu hayo maji na hiyo barafu, sitaki upite haraka. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huvilaza tu, na vikifika kwenye glasi vinaamka. Chemsha maji, yafunike yapoe, ndipo uyagandishe. Barafu inayouzwa mtaani kwa ajili ya samaki ni ya samaki, hata ikiwa inang'aa namna gani. Angalia pia friza yenyewe. Barafu iliyokaa wazi karibu na kibua au dagaa kwa siku chache hunusa kibua na dagaa, na harufu hiyo hujitokeza pale unapoinusa glasi kabla ya kunywa. Gandisha kwenye chombo chenye kifuniko. Kama huna trei, gandisha kwenye bakuli, kisha funga bonge ndani ya taulo safi ya jikoni na uligonge kwa mchi. Vipande vikubwa ni vizuri zaidi kwenye glasi kwa sababu huyeyuka polepole.

Jambo jingine la pwani ni chumvi. Visima vingi vya Dar na vya mwambao kwa jumla vina maji ya chumvichumvi, na kuyachemsha hakuiondoi. Kahawa iliyopikwa kwa maji hayo huwa kama imetiwa dawa. Ikiwa nyumbani unatumia maji ya kisima kwa kufulia na kuoga, kwa kahawa chukua yale mnayokunywa, na barafu vilevile.

Tuje kwenye buni. Arabika ya Kilimanjaro, ya Mbozi, ya Mbinga, au ya Nyeri na Kirinyaga kwa walio Kenya, ina uchachu mwepesi wa matunda ambao kwenye baridi huburudisha sana. Kwa kahawa ya barafu isiyo na maziwa sioni ya kuishinda, iwe imekaangwa kiasi, rangi ya kahawia iliyokoza, isiyofikia weusi wa kung'aa mafuta. Robusta ni habari nyingine. Inastawi Kagera, kwa Wahaya ambao tangu zamani huchemsha buni pamoja na majani ya kunukia, wakazikausha na kuzitafuna. Ina ladha nzito, uchungu zaidi, na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Peke yake juu ya barafu inachosha ulimi. Ila ukichanganya sehemu moja ya robusta na tatu za arabika, kahawa inapata mwili, na maziwa yakiingia haipotei. Nikitaka ya maziwa huchanganya hivyo, nikitaka nyeusi hubaki na arabika tupu.

Nunua buni zilizokaangwa karibuni na uzisage mwenyewe kila unapopika, kwa blenda ndogo ya viungo au kwa kinu na mchi. Unyevu wa pwani hauna huruma na kahawa ya unga: pakiti iliyoachwa wazi kabatini wiki moja hupoteza harufu hadi ukashindwa kuitofautisha na iliyokaa mwaka. Tia kwenye kopo linalobana. Usagaji uwe wa wastani, chembe zilingane na za sukari. Ikiwa laini sana kama ya dele, itaziba kitambaa na kuleta uchungu. Ikiwa chengachenga, maji yatapita bila kuchukua kitu.

Andaa jagi la chuma, au sufuria ndogo, si la kioo; kahawa ya moto ikiangukia kioo kilichojaa barafu, kioo kinaweza kupasuka. Tia zile gramu 200 za barafu. Juu yake tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, ukifunge kwa mpira kwenye mdomo wa jagi huku katikati kikining'inia kama mfuko. Chujio la chai halitoshi, linapitisha vumbi la kahawa, na vumbi hilo huendelea kutoa uchungu ndani ya glasi.

Chemsha maji, epua, subiri yatulie nusu dakika. Tia kahawa kwenye sufuria nyingine yenye joto, mimina maji kidogo tu, kama mililita 80, ukoroge mpaka yote ilowe. Kama buni ni mpya utaona povu likivimba na kupasuka, rangi ya kahawia iliyopauka, na harufu itafika hadi sebuleni; ni hewa iliyobaki ndani ya buni tangu ilipokaangwa, ikitoka. Acha sekunde 40. Kama hakuna kitu kinachovimba, buni yako ni ya zamani, na unajua la kufanya ukienda dukani tena. Mimina maji yaliyobaki, koroga mara moja, funika, ngoja dakika 4. Kisha mimina taratibu kwenye kitambaa. Kahawa inadondokea barafu papo hapo, vipande vinalia na kuteleza kimoja juu ya kingine, na harufu ambayo kwa kawaida hupaa na mvuke hubaki imenaswa ndani ya jagi. Wapishi wa kahawa wa Japani wameshikilia njia hii ya kuchujia juu ya barafu kwa sababu hiyohiyo.

Usikamue kitambaa. Najua mkono unawasha kwa sababu tumezoea kukamua nazi hadi tone la mwisho, lakini hapa matone ya mwisho ndiyo machungu kuliko yote. Kiache kivuje chenyewe, kisha kitoe. Koroga jagi mpaka barafu yote, au karibu yote, iyeyuke. Gawa kwenye glasi zenye vipande vipya viwili vitatu vya barafu. Kahawa sasa ni baridi tayari, kwa hiyo vipande hivi vitachelewa kuyeyuka.

Na ukitaka glasi ambayo haitapungua ukali hata ukiinywa kwa saa nzima kibarazani, gandisha kahawa yenyewe. Kahawa iliyobaki jana, maadamu haikulala ndani ya chupa ya chai, mimina kwenye trei ya barafu. Ile iliyoshinda kwenye chupa tangu asubuhi imwage. Imeshachachuka na baridi haitaificha.

Njia ya pili haitumii moto kabisa, nayo ni ya mtu anayetaka kahawa iwepo tayari kila siku. Chukua gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga kuliko ile ya kwanza, uiloweke katika mililita 800 za maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, koroga, funika, weka kwenye friji saa 16 hadi 20. Kwenye vitabu vya nchi za baridi utaambiwa uiache mezani usiku kucha. Kwa joto letu usifanye hivyo. Maji ya vuguvugu yenye kahawa, nyuzi 30, saa 12, ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, na katika njia hii hakuna hatua ya kuchemsha itakayokuokoa baadaye. Chuja kwa kitambaa mara mbili. Utapata zaidi kidogo ya nusu lita ya kahawa nzito sana, laini, yenye uchachu mdogo na tamu kwa mbali. Ni ya kuzimuliwa: nusu glasi yake, nusu nyingine barafu na maji au maziwa. Ikifunikwa vizuri friji itaitunza siku 5. Umeme ukikatika na friji ikabaki imefungwa, baridi hudumu saa 4 hivi. Ukizidi hapo, kahawa uliyokwisha kuitia maziwa imwage.

Kati ya njia hizi mbili mimi napendelea ile ya moto juu ya barafu, kwa sababu arabika nzuri ikilowekwa kwenye baridi hunyamaza, matunda yake yote yanapotea na kubaki ladha ya kakao. Kwa robusta, au kwa buni zilizokaangwa hadi kukolea, kuloweka ni bora, kwani uchungu hupungua sana.

Usidharau kahawa ya unga ya kuyeyuka. Ya TANICA ya Bukoba, Africafé, imo karibu kila duka la mtaa Tanzania. Wagiriki husimulia kwamba mwaka 1957, kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, mfanyakazi mmoja aitwaye Dimitris Vakondios alikosa maji ya moto, akatia kahawa ya kuyeyuka na maji baridi kwenye chombo cha kutikisia, akatikisa, likatoka povu zito. Tangu hapo ndiyo kahawa ya kiangazi ya nchi nzima. Tia vijiko 2 vya chai vya kahawa na sukari unayotaka kwenye chupa yenye kifuniko, maji baridi vijiko 3 vya chakula, tikisa kwa nguvu nusu dakika hadi povu lishike, mimina kwenye glasi ya barafu na uongeze maji au maziwa. Mtu aliyetoka juani hahitaji kusubiri zaidi ya hapo.

Sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Hukaa chini ikakusubiri kwenye funda la mwisho. Tumia shira, lakini nyepesi kuliko ile ya kaimati: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, ichemke mara moja tu, iepuliwe. Humo ndimo pa kutia iliki iliyopondwa au vipande vya tangawizi. Tangawizi lazima ichemke, maana ikiwa mbichi hukata maziwa. Shira ya tangawizi kwenye kahawa nyeusi ya barafu inaleta ladha ya kahawa ya barazani bila kuirudisha kwenye dele.

Maziwa yoyote yanafaa yakiwa baridi. Ya unga yakoroge kwanza na kahawa kidogo ya moto yasifanye madonge. Ya kopo, yale mazito na matamu, ndiyo Vietnam hutumia, nchi inayoongoza duniani kwa robusta: huyaweka chini ya glasi, kahawa nyeusi inadondoka juu yake, kisha barafu. Ni tamu mno kwa wengine, lakini kwa robusta ya Kagera sijaona maziwa yanayoiweza zaidi. Tui la nazi watu wengi wa pwani watalifikiria mara moja, na ni zuri, ila tui zito linaganda: mafuta ya nazi huanza kuwa magumu chini ya nyuzi 24, na utaona chembe nyeupe zikielea juu ya glasi. Tumia tui la pili, jepesi, na utikise. Ndimu nayo ina nafasi, kwenye kahawa nyeusi tu; Wareno huitia kwenye kahawa yao ya baridi waiitayo mazagran, jina lililotoka Algeria.

Kahawa hii inateremka haraka kuliko ya moto, na hapo ndipo mtu hujisahau. Gramu 40 za arabika zina kafeini ya miligramu 450 hivi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilitaja miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Jagi lile moja, basi, ni la watu wawili kwa siku nzima, na mjamzito akitaka kuonja, nusu glasi inatosha. Ukiwa umetia robusta, ligawe kwa watatu. Nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo glasi ya saa kumi jioni utakutana nayo kitandani usiku wa joto ambao usingizi wenyewe ni wa kubembeleza. Inywe kabla ya adhuhuri, au mara tu baada ya chakula cha mchana.

Kitambaa kisuuze papo hapo kwa maji mengi, bila sabuni, maana pamba hushika sabuni na kuitoa kwenye kahawa inayofuata. Kichemshe dakika chache mara moja kwa wiki. Ukikianika, mafuta ya kahawa yaliyobaki humo yatachacha. Kihifadhi kwenye bakuli la maji safi ndani ya friji, ubadilishe maji kila siku. Kikianza kunuka hata baada ya kuchemshwa, kata kipya. Machicha yamwage kwenye chungu cha maua au kwenye mgomba.